Kansere ya kinywa kwa wazee wa Sakania: miaka peke yake haitoshi kuamua

Wakati kidonda kinatokea mu kinywa cha nkambo na hakiponi, mu familia nyingi za kwetu kunatoka majibu mawili. Mumoja anasema: «Ameisha kuzeeka, mumuache apumuzike.» Mwingine anasema: «Tuuzishe shamba, tumuvukishe Zambia leo leo.» Wote wawili wanasema juu wanamupenda muzee. Lakini wote wawili wanaamua mbele ya kujua mambo tatu: ni ugonjwa gani, umefika wapi, na mwili wa muzee unaweza kubeba nini.

Hapa tunaangalia namna kansere ya kinywa inatunzwa kwa watu wenye wamepita miaka 80, na hasa namna inatunzwa kama mutu anaishi Sakania, Mokambo, Kasumbalesa ao mu vijiji vya Kiniama. Tunasema wazi tangu mwanzo: miaka ya muzee ni jambo moja kati ya mengi. Yenye kumuokoa ao kumupoteza, mara mingi, ni siku yenye mutu wa kwanza aliangalia ndani ya kinywa chake.

Ugonjwa wenyewe

Kansere ya kinywa inaanza mu mudomo, mu ulimi, chini ya ulimi, mu ufizi, mu shavu kwa ndani ao juu mu paa ya kinywa. Mu 2022, mu dunia nzima, watu karibu 390 000 walipatikana na kansere ya mudomo na ya kinywa, na karibu 188 000 walikufa nayo. Wenye kushikwa zaidi ni watu wakubwa, juu ugonjwa huu unachukua miaka mingi kujijenga mu mwili.

Sababu mbili kubwa tunazijua mu mitaa yetu. Ya kwanza ni tumbako: ya kuvuta, ya pipe, na ile ya kutia mu kinywa. Ya pili ni pombe kali kama lutuku. Mutu mwenye kutumia zote mbili pamoja anajitia mu hatari kubwa kupita kuzijumulisha tu, juu pombe inafungulia sumu ya tumbako njia ya kuingia mu nyama ya kinywa. Wazee wengi walianza tumbako wakiwa vijana, wakati hakuna mutu alikuwa anawaambia kitu. Kwa hiyo kuwalaumu leo hakusaidii. Kuwaangalia kunasaidia.

Alama zenye kustahili kuangaliwa ni hizi: kidonda chenye kimepita juma mbili ao tatu bila kupona, doa nyeupe ao nyekundu yenye haitoki, uvimbe mu shavu ao mu shingo, jino lenye kutikisika bila sababu, meno ya kuvaa yenye yalikuwa yanaingia muzuri na sasa hayaingii, ulimi wenye kuwa muzito, damu, maumivu yenye kupanda mpaka mu sikio. Hapana kila kidonda ni kansere. Jino lenye kuvunjika linaweza kukata ulimi, meno ya kuvaa yanaweza kusugua ufizi, maambukizo yanaweza kuleta doa nyeupe. Lakini hakuna mutu anaweza kutofautisha hayo kwa macho tu, akikaa inje ya nyumba. Ni lazima kuangalia, na mara ingine kukata kipande kidogo cha kidonda na kukituma mu laboratwari. Hiyo njo wanganga wanaita biopsi. Bila biopsi, hakuna mutu ana haki ya kusema «ni kansere», wala «hapana kansere».

Juu ya nini wazee wanafika nyuma

Ugonjwa huu uko mahali penye kuonekana. Haujifichi mu tumbo ao mu mapafu. Hata hivyo wazee wanafika ku hospitali wakati uvimbe umeisha kutoka inje. Sababu ziko nyingi, na zote tunazijua.

Ya kwanza: mwanzoni kidonda hakiumi sana. Muzee anasema ni jino, ananunua kidonge ku duka ya dawa, maumivu yanapungua, juma inapita. Ya pili: muzee mwenye hana tena meno haendi kwa munganga wa meno, na huyo munganga njo angeona kidonda wa kwanza. Ya tatu: wakati muzee anaanza kukonda, watu wanasema ni uzee. Anakataa bukari, wanasema ni uzee. Anaongea kidogo, wanasema ni uzee. Uzee unabeba makosa yote, na ugonjwa unaendelea nyuma yake.

Ya ine ni ngumu kusema, lakini tuiseme. Kidonda cha kinywa kinanuka. Muzee anasikia haya, anaanza kukula peke yake, anafunika mudomo na kitambaa. Kwingine watu wanaanza kusema kwamba amelogwa ao kwamba yeye mwenyewe njo mulozi. Miezi mbili inapita ku maombi na mizizi. Kusali hakukatazwi na hakuna mutu anaomba muache kusali. Lakini kidonda cha kansere hakingoji mwisho wa novena.

Ya tano ni ya sisi wote wenye kutunza afya: mu vituo vingi, muzee mwenye kuja juu ya presha anapimwa presha, anapewa dawa, anarudi. Hakuna mutu anamuomba afungue kinywa.

Njia ya mugonjwa kutoka Sakania

Tufuate njia yenyewe. Muzee anaanza ku kituo cha afya. Muforomo akiona kidonda chenye kutia mashaka, anamutuma ku hospitali jenerali ya zoni ya afya. Kutoka pale, mara mingi, anapewa barua ya kwenda Lubumbashi, ku Hospitali Jason Sendwe, yenye kuwa hospitali ya jimbo, ao ku Kliniki za Universite. Lubumbashi njo mahali biopsi, picha na operesheni vinatafutwa.

Kwa reli, Lubumbashi iko karibu kilomita 250. Shaba inajua njia hizi muzuri: reli ilifika Sakania mu 1909, kisha ikafika Élisabethville mu 1910, na leo makamyo yanapanga mustari mpaka ku mupaka. Mugonjwa wa miaka 83 mwenye hawezi kumeza mate hana mustari wake. Anakaa ku moto nyuma ya mujukuu, ao mbele mu kamyo, ao anangoja mutu mwenye gari.

Nyuma ya Lubumbashi njia inagawanyika. Kama operesheni inatosha, mambo yanaweza kuishia pale. Kama muzee anahitaji mionzi, yenye watu wanaita «kuchomwa», safari inakuwa ingine. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1 500, ni kusema ndege. Ku upande wa kusini, Ndola iko karibu sana na Sakania, na watu wetu wengi wako na jamaa kule. Lakini hospitali ya kansere ya Zambia, yenye ilifunguliwa mu 2007, iko Lusaka, zaidi ya kilomita 300 kisha Ndola.

Ku hiyo hospitali pia, mashine za mionzi zilikuwa na matatizo mu miaka ya karibu. Hiyo haiko aibu ya Zambia peke yake. Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi ku Mulago, na wakati iliharibika mu 2016, inchi nzima ilibakia bila mionzi mpaka mashine mupya ilifika. Kwa hiyo shauri la kwanza kwa familia yenye inafikiria kuvuka mupaka ni hili: mbele ya kuuzisha hata kuku mumoja, mutu apige simu ao apite kule kuuliza kama mashine inatumika, kama wanapokea mugonjwa kutoka Kongo, anapaswa kuleta karatasi gani, na analipa ngapi kwa jumla. Familia yenye kufika na muzee bila karatasi ya biopsi inaanza tena ku sifuri, kwa kwacha.

Kuko alama moja ya tumaini. Mu 2022 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzisha mupango wake wa kusaidia inchi zenye kukosa mionzi, wenye kuitwa Rays of Hope, na Kongo ilikuwa kati ya inchi saba za kwanza zenye zilichaguliwa, pamoja na Benin, Chad, Kenya, Malawi, Niger na Senegal. Ni jambo muzuri. Lakini kituo cha mionzi kinaomba nyumba yenye kuta nene sana, umeme wenye haukatiki, na wafundi wenye wamesoma miaka. Muzee mwenye kuwa na kidonda mwaka huu hatakingoja.

Matunzo tatu, na mwili wa muzee

Matunzo ya kansere ya kinywa ni tatu: operesheni, mionzi na dawa kali zenye watu wanaita shimio. Kila moja inaomba kitu tofauti ku mwili wenye kuzeeka.

Operesheni njo matunzo ya kwanza. Kama kidonda kiko kidogo, munganga anakitoa pamoja na nyama muzima kidogo pembeni, na watu wengi wanapona kwa hiyo tu. Kidonda kidogo cha mudomo ao cha kando ya ulimi kinaweza kutolewa hata kwa sindano ya kufisha mahali pamoja, bila kumulalisha muzee. Siku chache, na anarudi mu nyumba. Kama kidonda ni kikubwa, ni kukata taya, kutoa matezi ya shingo, saa nyingi ya usingizi wa dawa, na kisha kujifunza tena kumeza na kuongea. Kijana anabeba hiyo. Muzee mwenye moyo wenye nguvu na mapafu safi anaweza pia kuibeba. Muzee mwenye hawezi kutoka ku kitanda mpaka ku mulango bila kupumuzika, kwa yeye operesheni hiyo inaweza kuwa hatari kupita ugonjwa.

Mionzi inaua kansere bila kukata, lakini inaomba wakati. Matunzo kamili ni mara 30 mpaka 35, siku tano kwa juma, ni kusema juma sita ao saba. Familia ya Sakania ihesabu muzuri: juma saba ya chumba ya kulipa mu muji wa watu, chakula cha watu wawili, na mutu mumoja mwenye kuacha kazi yake ao shamba lake, labda mu wakati wa kupanda mahindi. Ndani ya hizo juma, kinywa kinatoka vidonda, mate yanakauka, chakula kinapoteza ladha. Meno yenye kuoza inapaswa kutolewa mbele ya kuanza, juu kutoa jino kisha mionzi kunaweza kuharibu mufupa wa taya. Kuko pia mionzi ya muda mufupi, siku chache tu, kwa wazee wenye hawawezi kubeba ya muda mrefu. Hiyo haitafuti kumaliza ugonjwa. Inapunguza maumivu, damu na uvimbe. Familia nyingi haziulize juu hazijui kama iko.

Juu ya shimio, kuko jambo moja lenye kila familia inapaswa kujua. Mu 2009 watafiti walikusanya majaribio yenye yalifanywa kwa wagonjwa zaidi ya 17 000 wa kansere za kichwa na shingo. Waliona kwamba kuongeza shimio ku mionzi kunasaidia vijana, lakini faida inapungua kadiri miaka inapanda, na kwa watu wenye wamepita miaka 70 haikuonekana tena wazi. Dawa yenye kutumiwa zaidi inaweza kuharibu figo na masikio, na wazee wengi wanafika na figo zenye zimeisha kuchoka. Kwa hiyo kama munganga anasema muzee wa miaka 84 hatapewa shimio, musifikiri anamuzarau. Inawezekana njo anamuheshimia.

Nguvu inapimwa namna gani

Kama miaka haiamue peke yake, ni nini inaamua? Wanganga wa Ufaransa walitengeneza maulizo nane, yenye kuitwa G8, ya kupima muzee mwenye kansere. Wanauliza: anakula namna gani? Amepoteza uzito mu miezi tatu? Anatembea, anatoka inje? Akili na moyo wake viko namna gani? Uzito wake unalingana na urefu wake? Anakunywa dawa zaidi ya tatu kila siku? Akijilinganisha na wazee wenzake, anajiona muzima ao hapana? Na swali la nane: iko na miaka ngapi?

Pointi zote ni 17. Miaka inaleta pointi mbili tu. Kukonda peke yake kunaweza kuleta tatu. Mwenye kupata 14 ao chini anapaswa kuangaliwa kwa undani mbele ya kuamua matunzo. Hayo maulizo hayahitaji mashine, hayahitaji umeme. Balanse, metre ya kupima urefu, na dakika chache za kuongea na muzee zinatosha. Muforomo wa Kiniama anaweza kuyafanya chini ya muembe.

Yanatufundisha pia jambo lenye familia inaweza kufanya leo: kumulisha muzee. Mwenye kufika Lubumbashi akiwa amekonda sana anakataliwa operesheni yenye angeweza kupata miezi mbili mbele. Uji muzito wa mahindi na karanga, mayai, samaki wa kusaga, mafuta, kidogo kidogo mara sita kwa siku: hiyo ni sehemu ya matunzo.

Kwa mwenye anazani kansere ya kinywa kwa mutu mukubwa ni mwisho mara moja, mufano mumoja unajulikana mu dunia nzima. Sigmund Freud, munganga wa Vienna mwenye alikuwa anavuta sigara siku nzima, alipasuliwa kansere ya kinywa mara ya kwanza mu 1923, akiwa karibu na miaka 67. Walimupasula tena mara zaidi ya 30, wakamutengenezea kifaa cha kuziba tundu mu paa ya kinywa. Aliteseka sana. Lakini aliishi miaka 16 ingine, akiandika na kupokea wagonjwa, mpaka alikufa mu 1939 akiwa na miaka 83. Alikuwa na munganga muzuri karibu na njia ya kulipa, vitu vyenye muzee wa Mokambo hana. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ule ule.

Nani anaamua?

Hapa tunagusa desturi. Mu familia zetu, wakati muzee anagonjwa, watoto wanakutana inje na kuamua. Mwenye kutuma feza kutoka Lubumbashi ao kutoka Kitwe njo mwenye sauti kubwa. Muzee anaambiwa: «Vaa nguo, tunaenda.» Mara ingine anafichwa hata jina la ugonjwa wake.

Lakini kinywa ni cha nani? Muzee mumoja anaweza kusema: «Nataka niishi, mukate penye munakata.» Mwenzake, mwenye ugonjwa sawasawa na miaka sawasawa, anaweza kusema: «Nataka nisisikie maumivu, nataka nibakie mu nyumba yangu, nataka niongee na wajukuu mpaka mwisho.» Wote wawili wako na haki. Mwenye alikatwa ulimi bila kuulizwa hawezi tena kusema kama alikuwa anataka. Kwa hiyo swali lazima liulizwe mbele, na luga yake, kwa maneno wazi, na mutu mwenye anamuamini: kilala, kilamba, kibemba ao kiswahili. Na ajibu yeye mwenyewe, watoto wakikaa kimya.

Wakati kupona hakuwezekani tena

Tuseme ukweli: wazee wengi wanafika wakati ugonjwa umeisha kutembea. Kwa hao pia kuko kazi ya munganga. «Hakuna tena kitu cha kufanya» ni maneno yenye hayapaswi kusemwa mu hospitali yoyote. Kuko maumivu ya kutuliza, kidonda cha kusafisha, harufu ya kupunguza kwa dawa yenye bei ndogo, chakula cha kupitisha, na familia ya kusaidia.

Kwa maumivu makali ya kansere, dawa ni morfini, na iko mu liste ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Morfini ya kunywa haihitaji sindano. Uganda ilitufungulia njia. Mu 1993 Dr Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na pale unga wa morfini ulichanganywa na maji, ukatiwa mu chupa, mugonjwa akakunywa mu nyumba yake. Mu 2004 sheria ya Uganda ilikubali waforomo wenye walifundishwa kwa kazi hiyo waandike morfini wenyewe, juu mu vijiji hakuna wanganga wa kutosha. Ile inchi yenye ilibakia bila mashine ya mionzi mu 2016 iliisha kuwa na njia ya kutuliza maumivu mu vijiji.

Watu wanaogopa morfini. Wanasema inaua haraka, wanasema inafanya mutu kuwa mulevi wa dawa. Ikipewa kwa kipimo, kwa saa yake, kwa maumivu ya kweli, inamuruhusu muzee kulala na kukula. Inafunga tumbo, kwa hiyo munganga anapaswa kuandika pia dawa ya kulainisha choo. Swali la kuuliza ku hospitali yetu ni moja: je, morfini ya kunywa iko? Kama haiko, nani anapaswa kuiomba, na lini?

Feza iko wapi?

Mupango wa Serikali wa afya kwa wote ulianza mu 2023 na wamama wenye kuzaa pamoja na watoto wachanga. Ni haki kuanza na hao. Lakini muzee mwenye kansere anabakia ku mufuko wa watoto wake.

Sakania haiko maskini kwa udongo. Shaba inatoka Frontier na Lonshi, mu teritwari yetu wenyewe. Sheria ya mine yenye ilitoka tarehe 9 Mwezi wa tatu 2018 inapanga mambo mbili yenye kila mukaaji anapaswa kujua. Ya kwanza: ushuru wa mine unagawanywa, 50% kwa Serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa utawala wa pale mine iko, na 10% kwa mufuko wa vizazi vyenye kuja. Ya pili: kila kampuni yenye kuchimba inapaswa kutoa hata kidogo 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii, na hizo feza zinaongozwa na chombo chenye kuwa na wajumbe wa kampuni na wa jamii yenyewe. Kuko tena daftari la ahadi, lenye watu wanaita kaye de sharji, lenye kampuni inaandikiana na jamii, na afya iko kati ya mambo yenye kuingia ndani.

Wakati wa kuandika miradi, watu wanaomba shule, pompe ya maji, njia. Ni muzuri. Lakini matunzo yenye tunaongelea hapa, ukitoa mionzi, hayaombi feza ya ajabu: taa ndogo, kioo cha kinywa na ganti mu kila kituo cha afya, siku mbili za kufundisha waforomo kuangalia kinywa cha kila mutu mwenye kupita miaka 60, munganga wa meno mwenye kupita mu vituo kwa zamu, mufuko mudogo wa kulipa safari na biopsi Lubumbashi kwa mwenye hana, na morfini ya kunywa ku hospitali jenerali pamoja na mutu mwenye kujua kuitumia. Hakuna mwenye kuweza kujenga kituo cha mionzi Sakania kesho. Lakini mwenye kuona kidonda kikiwa kidogo kama mbegu ya haragi anaweza kumuepusha muzee safari ya mionzi kabisa.

Hayo njo maombi yenye wajumbe wa jamii wanaweza kubeba ku mukutano, na majina ya vituo na hesabu mu mukono. Na chefu wa kijiji ao wa mutaa anaweza kuuliza: mwaka huu, ku afya, muliandika nini?

Juma hii, mu nyumba

Wenye kuishi na muzee, fanyeni hivi. Muombeni akae ku mwangaza wa muchana, atoe meno ya kuvaa kama anayo, afungue kinywa. Angalieni mudomo, mashavu kwa ndani, ufizi, juu na chini ya ulimi, kando zote mbili. Guseni shingo. Mukiona kidonda ao doa, andikeni tarehe mu daftari. Kama juma mbili zinapita na bado kiko, mupelekeni ku kituo cha afya, na mwambieni muforomo wazi: «Tumekuja juu ya hiki kidonda, kiko tangu tarehe hii.» Ombeni barua ya kumutuma mbele. Mukifika Lubumbashi, ombeni matokeo ya biopsi yaandikwe, na mubakie na kopi yenu. Hiyo karatasi ni ya mugonjwa.

Kisha mukae na munganga na kumuuliza maulizo ine. Ugonjwa umefika wapi? Matunzo haya yanatafuta kumuponyesha ao kumutuliza? Yatachukua siku ngapi mbali na nyumba? Na kama hatufanyi, itakuwa namna gani? Jibu likitoka, mwambieni muzee, na mumusikilize.

Kama iko na miaka 70, 85 ao 90, maulizo ni yale yale. Majibu njo yatakuwa tofauti, juu kila muzee iko na mwili wake, moyo wake, na njia yake ya kutaka kumaliza siku zake.